Jina Lililoondolewa Kundini

Shangazi alikuwa amekalia benchi la mapokezi tangu milango ya kituo ilipofunguliwa, fuko la nguo mapajani, na kila askari aliyepita alimwambia jambo lile lile: mtoto wa kaka yake hajui kusema uongo, na hicho ndicho kitakachomfunga. Inspekta naye alipofika alisimamishwa akaambiwa hivyo hivyo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu maneno ya yule mama yalilingana na jalada alilokuwa amelibana kwapani. Katika kazi yake yote hakuwahi kuona mtuhumiwa aliyejipalia makaa kwa ufasaha namna ile.

"Nguo atazihitaji, mwanangu?" shangazi aliuliza. "Au nirudi nazo nyumbani?"

"Jioni nitakujibu, mama."

Jioni mwendesha mashtaka alitaka jalada mezani kwake, sahihi ya Inspekta ikiwa chini yake. Sahihi ikishawekwa, mtoto wa kaka mtu angeamkia kizimbani na kulala rumande.

Kesi yenyewe haikuwa na mafumbo. Shirika la maji lilikuwa na seva iliyopokea vipimo vya klorini kutoka kwenye mitambo ya kusafishia. Wiki iliyopita klorini ilishuka chini ya kiwango salama. Mtu akaingia kwenye faili la vipimo, akapandisha tarakimu, king'ora hakikulia, na mitaa ya juu ikanywa maji yasiyofaa mpaka wodi ya watoto ikajaa. Mtaalamu wa maabara wa hospitali ndiye aliyepima maji ya bomba na kugundua kwamba tarakimu za shirika zilikuwa za kubuni. Faili lile lingeweza kubadilishwa na watu wa kundi moja tu, kundi la wasimamizi. Na kundi la wasimamizi lilikuwa na mtu mmoja, mwanamke ambaye wafanyakazi wenzake walimwita Bi Funguo.

Inspekta alimkuta chumba cha mahojiano amekaa wima kama mwanafunzi anayesubiri mtihani.

"Nieleze upya," alisema. "Nichukulie mimi sijui kitu."

Bi Funguo alieleza bila kupamba. Kwenye seva za aina ile, kila faili lina mwenyewe, lina kundi, halafu kuna watu baki. Mwenyewe wa faili la vipimo ni programu inayoandika tarakimu, ambayo si mtu. Watu baki wanaruhusiwa kusoma tu. Kundi la wasimamizi linaruhusiwa kusoma na kuandika.

"Na faili linajua ni nani katika kundi aliyeandika?"

"Hapana. Linajua saa lilipobadilishwa, basi. Halimuulizi mtu jina, linamuuliza kundi."

"Akaunti kuu je? Ile inayopita kila mlango?"

"Nywila yake ninayo mimi tu. Na kila inapotumika, inaacha alama kwenye mashine nyingine ambayo hata mimi siwezi kuigusa. Siku hiyo haikutumika."

"Kwa hiyo aliyeandika alipitia kundi. Na kundini uko wewe."

"Niko mimi."

"Peke yako."

"Peke yangu. Zamani tulikuwa na Naibu Mkurugenzi, kabla hajapanda cheo. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Alipopandishwa, utaratibu ulitaka atoke, nikamtoa kwa mkono wangu. Ningekuwa mjanja ningesema nilisahau."

Inspekta alikuwa amesomea hesabu kabla hajavaa sare, na ugonjwa mmoja wa huko ulikuwa haujamtoka: kila alipokutana na neno *peke yake* alitaka lithibitishwe. Alichora mstari chini ya neno hilo kwenye maelezo.

"Ulimtoa. Kutoka huko kunaanza kufanya kazi lini?"

"Palepale. Jina linafutika kwenye orodha ya..." Bi Funguo alijikatiza. "Hapana. Si palepale. Mtu akiingia kwenye seva, mlangoni anapewa makundi yake, anakwenda nayo ndani. Ukilifuta jina lake baadaye, umelifuta mlangoni. Akiingia tena ndipo atakaponyimwa."

"Na asiyetoka?"

Bi Funguo alimtazama.

"Nakuuliza," Inspekta aliendelea kwa sauti ile ile. "Mfanyakazi amefukuzwa, bawabu amekata jina lake getini, lakini mwenyewe yuko ndani ya jengo na hajatoka. Nani atamuuliza?"

"Hakuna," alijibu Bi Funguo polepole. "Alikuwa na kikao ndani ya seva. Tulikuwa tunaacha vikao wazi makusudi, kazi ndefu zisikatike mtu anapozima kompyuta yake ya mezani. Kikao kinabaki kinaelea kwenye seva, unakirudia unapotaka. Kama hakukifunga, bado kina kundi lake. Mungu wangu, nilifuta jina, sikuangalia vikao."

"Nini kinakifunga?"

"Yeye mwenyewe. Au mimi. Au seva ikizimwa. Nami kila mwezi niliomba kuiwasha upya, yeye akakataa katika kila mkutano wa wakuu. Alisema mji hauwezi kukaa hata dakika bila vipimo."

Inspekta alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Asubuhi hiyo alikuwa amemtuma Sajini kwenye shirika la maji na amri ya kawaida kabisa, iliyoandikwa kwenye mwongozo wa polisi kwa ajili ya kompyuta zote za ushahidi: izime, ifunge, ilete.

Simu iliita sana kabla ya kupokelewa.

"Tuko vizuri, afande," alisema Sajini. "Nimeshaziba pembeni kwa lakiri. Imebaki kuchomoa waya tu. Hawa watu ni waungwana kweli, Naibu mwenyewe ametuletea toroli na kutushikia mlango."

"Mkono wako uko wapi?"

"Kwenye plagi, afande."

"Uondoe. Usimruhusu mtu yeyote akaribie, pamoja na mwenye toroli. Ukizima hiyo seva utakuja kuuza karanga."

"Nimeuondoa, afande."

Bi Funguo alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Naibu?" aliuliza. "Naibu ndiye anataka izimwe?"

"Leo anataka," alisema Inspekta, na akachukua pingu. "Nyoosha mikono. Samahani, ndivyo inavyotakiwa. Tunakwenda."

Chumba cha seva kilikuwa mwisho wa ukumbi wa ghorofa ya chini, nyuma ya stoo ya mabomba. Ndani kulikuwa na baridi ya kugandisha mate, kabati la chuma lenye taa ndogo za kijani, meza ya kibodi na skrini moja. Sajini alisimama mbele ya plagi kama golikipa. Mkurugenzi alikuwa kando, mzee mnene aliyeshika miwani mkononi na kuipangusa bila kuivaa. Naibu Mkurugenzi aliegemea toroli, shati jeupe, tabasamu jepesi.

"Binti yangu," alimwambia Bi Funguo alipoona pingu, na akatikisa kichwa kwa huzuni ya kutosha kuonekana na watu wote. Kisha akamgeukia Inspekta. "Tulikuwa tunamaliza, dada. Mashine ya akiba iko tayari, mji hautapata shida hata kidogo. Ondoeni hii, iwe mbali na sisi."

Inspekta alimshukuru. Alimwomba jambo moja: hati ya makabidhiano iandikwe upya, kwa kuwa ile ya Sajini ilikuwa na kosa, na isainiwe ofisini kwake Naibu kwa mhuri wake. Naibu alikwenda mwenyewe, viatu vikilia ukumbini kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Mlango ulipofungwa, Inspekta aliketi kwenye kibodi. Alimweka Bi Funguo kwenye kiti mbali na meza, mikono ndani ya pingu juu ya mapaja, na kumwomba Mkurugenzi asimwondolee macho. Nywila ya akaunti kuu aliambiwa kwa sauti, nayo ilikuwa ndefu kama shairi, mpaka Sajini akauliza kama kuna kibwagizo. Hakuna aliyecheka ila Bi Funguo, kidogo.

Aliomba orodha ya kila kinachoendelea ndani ya seva. Mistari ikashuka. Alisoma mmoja baada ya mwingine, bila kuruka, hata ile ambayo Bi Funguo alimwambia ni ya kawaida. Karibu na mwisho palikuwa na kikao chenye jina la Naibu. Kilianza kabla hajapanda cheo. Hakuna aliyekuwa amekishika kwa sasa. Kilielea tu, kama mashua iliyofungwa kamba. Akauliza seva kikao hicho kina makundi gani. Jibu lilikuwa fupi, na la mwisho katika makundi hayo lilikuwa wasimamizi.

Mkurugenzi alivaa miwani hatimaye.

"Kwa hiyo ni yeye," alisema.

"Bado."

"Lakini si hiki hapa?"

Inspekta alifungua kumbukumbu za kikao kile, akazinakili kwenye diski ya polisi, Sajini akaitia lakiri. Amri ya kupandisha tarakimu ilikuwemo. Ilikuwa imeandikwa na mtu mwenye mazoea, bila kosa hata moja. Hata hivyo alikunja uso.

"Wakili wake atauliza swali moja tu," alieleza. "Ni nani anayeweza kuingia kwenye kikao cha mtu mwingine na kuandika humo anachotaka? Mwenye akaunti kuu. Nani mwenye akaunti kuu?" Hakutazama upande wa kile kiti. "Nimeambiwa akaunti hiyo ikitumika inaacha alama mahali pengine. Wakili atasema alama zinafutika. Mimi naamini hazifutiki. Kuamini si ushahidi."

Bi Funguo hakulalamika. Alisema kwamba hata yeye angeuliza swali hilo hilo.

Basi Inspekta akafanya jambo moja dogo. Ndani ya seva, kwenye kabati la mafaili la kundi la wasimamizi, mahali ambapo watu baki wanaruhusiwa kuchungulia tu, alitengeneza faili jipya. Akalipa jina, *vipimo vya awali*, akalirudisha nyuma tarehe. Kisha akamnong'oneza Sajini maneno machache. Sajini alitoka na kwenda kununua sigara, ingawa havuti.

Naibu alirudi na hati iliyopigwa mhuri vizuri. Inspekta aliisoma yote, akaisifu, akaikunja.

"Kabla hatujafunga, nisaidie kuondoa shaka," alisema. "Uliondolewa kundini. Unaweza kuingia hapa mbele yetu, tuone?"

"Kwa furaha."

Aliinama kwenye kibodi, akaingia kwa jina lake na nywila yake, akajaribu kuandika kwenye faili la vipimo. Seva ikamkatalia. Akajaribu tena, akakataliwa tena, na akanyoosha mikono kama mchezaji anayemwonyesha mwamuzi kwamba hakumgusa mtu.

"Mimi ni wa kusoma tu siku hizi. Cheo kinakupa kiti kikubwa, kinakunyang'anya funguo."

"Na hukubakiza kikao chochote cha zamani? Popote?"

"Nilifunga kila kitu siku ile ile. Nidhamu, Inspekta. Hata huyu binti nilimfundisha hivyo."

"Mkurugenzi amesikia?"

Mkurugenzi alisema amesikia. Naibu akaondoka kwenye seva kwa amri ya kuaga, mbele yao.

"Basi hatutaizima," alisema Inspekta. "Nimebadili mawazo. Mtaalamu wa mahakama yuko njiani, anataka aikute inafanya kazi. Kuna faili kwenye kabati la wasimamizi linaitwa vipimo vya awali. Inaelekea programu ilijiwekea nakala kabla tarakimu hazijaguswa, na mtaalamu anasema nakala za namna hiyo hubeba jina la aliyefungua. Tumsubiri. Kuna mahali tunaweza kupata chai?"

Tabasamu la Naibu halikuondoka, lakini lilibaki usoni kama kanzu kwenye msumari. Alisema chai ipo, karani atawaletea. Yeye ana simu ya kupiga, dakika chache tu. Viatu vilipita ukumbini, na safari hii vilikuwa na haraka.

Inspekta alirudi kwenye skrini. Mkurugenzi alisogea nyuma ya bega lake, na Bi Funguo akabaki kule alikokuwa, pingu mapajani, shingo ameinyoosha kama twiga.

Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu jina la Naibu likaonekana mlangoni mwa seva. Ameingia, kutoka kompyuta ya ofisini kwake.

"Huyu mpya hana kundi," alinong'ona Mkurugenzi. "Tumemwona anakataliwa."

"Ndiyo. Mpya hawezi kulifuta lile faili. Tungoje tuone atakwenda kwa nani."

Amri ya kwanza ilikuwa ya kuorodhesha kabati. Faili aliliona. Ya pili ilikuwa ya kulifuta, na seva ikamkatalia. Pakawa na kitambo kirefu kiasi cha mtu kufuta jasho. Kisha kile kikao cha zamani, kilichokuwa kikielea bila mwenyewe, kikashikwa. Inspekta alisoma kwa sauti kila mstari ulipotokea, kama mtangazaji wa mpira aliyekatazwa kupiga kelele: amekishika kikao, yuko ndani, anaorodhesha, anafuta. Faili likatoweka kabatini. Mstari uliofuata ulikuwa amri ya kukifunga kikao chenyewe, na ulikatika katikati ya neno.

Kwa mbali walisikia mlango ukifunguliwa kwa nguvu na sauti ya Sajini ikisema, kwa adabu zote, "Mikono juu ya meza, mheshimiwa. Hapana, si kwenye kibodi. Juu ya meza."

Mkurugenzi alimgeukia Bi Funguo, akaitazama mikono yake mapajani, akatazama skrini, kisha akatoa kiti cha pili na kukaa.

"Mheshimiwa," Inspekta alimwambia, "katika muda wote huu huyu amegusa kitu?"

"Hajagusa."

"Utalisema hilo mahakamani?"

"Nitalisema popote."

Naibu aliletwa akiwa bado na ulimi. Alisema alikuwa akijaribu kusaidia uchunguzi. Alisema alikumbuka ghafla kikao cha zamani, akaona vyema akifunge kabla hakijaleta utata. Inspekta alimwacha amalize. Aliuliza kwa nini basi alianza kwa kufuta faili, na kwa nini alilifuta kwa haki ambazo robo saa iliyopita aliapa kwamba hana. Alimuuliza ni kwa nini mtu aliyekataa seva izimwe mwaka mzima alikuja na toroli siku ambayo kuzimwa kwake kungemfutia nyayo. Akamuuliza pia kuhusu pampu ya klorini iliyotajwa jaladani, ile aliyoithibitisha yeye mwenyewe kuwa nzima wakati mafundi wakisema imechoka; tarakimu zikishuka hadharani, sahihi yake ingeshuka nazo.

"Lile faili," Naibu alisema mwishowe, "hata lingekuwa na jina langu, hamna nalo tena. Limekwisha."

"Lilikuwa tupu."

"Nini?"

"Nimelitengeneza mimi wakati unapiga mhuri. Halikuwa na herufi hata moja ndani. Umejitia kitanzi kwa ajili ya faili lisilo na kitu."

Sajini alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi cha kweli. Naibu alitafuta uso wa mtu wa kumsemea. Wa Mkurugenzi ulikuwa umeinama. Akaangukia kwa yule ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi.

"Binti yangu," alisema, "waambie. Wewe unajua mifumo hii. Waambie kikao kinaweza kusahaulika."

"Kinaweza," alijibu Bi Funguo. "Mimi nilisahau kukiangalia, na hilo nitaliandika kwa mkono wangu. Wewe hukukisahau. Ulikitunza kama mboni ya jicho, wakati watoto wa watu wametundikiwa maji ya dripu." Sauti haikupanda. "Na mimi si binti yako. Baba yangu alikuwa mkweli."

Kwenye simu mwendesha mashtaka alitaka kujua kama jalada litafika jioni. Inspekta alisema litafika, tena na sahihi, ila jina la juu limebadilika. Akatumia dakika iliyobaki kumweleza kwamba pampu ya klorini ibadilishwe leo hii na mitaa ya juu iambiwe ichemshe maji, na kwamba ujumbe huo Mkurugenzi atautangaza mwenyewe, si kesho. Mkurugenzi, aliyekuwa akisikiliza, aliitikia kwa kichwa na kunyanyuka kwenda kufanya hivyo.

Ukumbini wafanyakazi walikuwa wameanza kukusanyika, makarani, mafundi wa mabomba, mtu wa stoo na ufunguo wake mkononi. Asubuhi walimwona mwenzao akipitishwa hapo amefungwa, na wengi walijifanya wanatazama ukuta. Sajini alichungulia, akarudi na swali la kiutaratibu.

"Afande, tuwapitishe mlango wa nyuma?"

"Wa mbele. Wote wawili."

"Basi kuna tatizo. Tumekuja na pingu jozi moja tu."

"Sioni tatizo," alisema Inspekta, na akampa ufunguo.

Bi Funguo alinyoosha mikono. Chuma kiliachia kwa mlio mdogo, Sajini akageuka nacho, na kilipolia tena kilikuwa kwenye mikono iliyotoka kwenye shati jeupe. Mwanamke alijipangusa viganja, akarekebisha ushungi, kisha akafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe na kutangulia.